Jezi Iliyolala Chali

"Hivi Mama Kocha, mumeo anaishi wapi?"

Aliyeuliza hivyo, miaka mingi nyuma, ni fundi cherehani wa nyumba ya pili, akiwa ameegemea ukuta wa uani na pini tatu amezibana midomoni. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa ameletewa suruali ya Kocha aipunguze kiuno, na alitaka kujua kama mwenyewe yupo aje kupimwa. Mama Kocha alikuwa akianika. Alisimama na shuka mkononi, maji yakimdondokea miguuni, akafikiri, akajibu, "Anaishi hapa. Ila hayupo."

Fundi akacheka mpaka pini moja ikamtoka. "Kuishi gani huko, dada yangu? Hata mpangaji hurudi kulala!"

Naye akacheka, maana hakuona la kufanya zaidi. Lakini swali lile lilimwingia, likakaa. Kila alipotandika kitanda cha watu wawili kwa ajili ya mtu mmoja, alilisikia.

Mumewe alikuwa kocha wa mpira wa miguu, na si wa timu zile zinazotajwa redioni. Alifundisha timu za madaraja ya chini, ambazo wachezaji wake wanakuja mazoezini wakitokea kazini na vumbi la saruji kwenye nyusi. Timu kumi na nne kwa miaka ishirini na tisa. Kulikuwa na timu ya kiwanda cha nguo, na timu ya madereva wa malori, ambayo siku ya mechi nusu ya kikosi kiko safarini. Kulikuwa na timu yenye uwanja wa mteremko, kipindi cha kwanza mnapanda mlima na cha pili mnateremka, na ole wenu mkianza na kuteremka. Moja ilimfukuza kwa barua, nyingine kwa simu. Nyingine haikumwambia kitu. Alifika tu jioni uwanjani akamkuta mwanamume mwingine kasimama katikati, filimbi shingoni. "Karibu mzee," yule akamwambia, "umekuja kutazama mazoezi?"

Hiyo Kocha mwenyewe aliisimulia huku akicheka. Alikuwa hodari wa kusimulia. Angerudi na begi lake la bluu lililokatika mkanda, alale siku mbili mfululizo, siku ya tatu aamke atengeneze bawaba ya mlango, na kabla hajamaliza simu ingelia. "Timu ina vijana wazuri, mke wangu," angesema, tayari macho yako mbali. "Wanahitaji mtu wa kuwapanga tu." Bawaba nyumba ile hazikuwahi kumalizika.

Sasa kulikuwa na jambo moja katika kazi yake ambalo lazima lielezwe, kwa kuwa lote lililofuata lilitoka hapo. Kocha, pamoja na sauti yake iliyosikika mpaka barabarani, hakuweza kumwambia mtu usoni kwamba leo huchezi. Moyo ulimkataa. Ujanani, naye akiwa mchezaji, aliwahi kuvuliwa jezi mbele ya wenzake wakamzomea, na jeraha lile halikupona. Kwa hiyo alibuni njia yake. Siku ya mechi aliingia chumba cha kubadilishia nguo kabla ya mtu yeyote, akazipanga jezi kwenye benchi moja moja, kila moja mahali pa mwenyewe. Jezi iliyolala kifudifudi, namba ya mgongoni ikitazama juu, mwenyewe anacheza. Jezi iliyolala chali, kifua juu na namba chini, mwenyewe hayumo. Anaichukua kimyakimya, anaitia kwenye gunia, anatoka kwenda kukaa na watazamaji. Na ilikuwa marufuku kuuliza. "Jezi haiulizwi," ndiyo ilikuwa sheria. Ukiuliza, mechi tatu unazitazama.

Wachezaji waliizoea, wakaifanyia na utani. "Vipi, Jumapili unacheza?" "Aah, mzee kanilaza chali." Kipa mmoja alidai mkewe amemuuliza mbona siku hizi analala kwa tumbo, akamjibu, "Nataka nipangwe."

Kila timu aliyoondoka, msemo huo uliachwa nyuma yake.

Mwaka mmoja tu katika miaka yote hiyo Mama Kocha aliishi na mumewe nyumba moja kuanzia mwanzo wa ligi hadi mwisho. Ilikuwa timu ya kumi na mbili. Klabu ilimpa Kocha vyumba viwili nyuma ya uwanja, akasema, "Safari hii tufungashe wote," na wakafungasha wote: yeye, mkewe, na mtoto wao wa pekee, kijana wa miaka ishirini na moja. Jina lake alilopewa walishaliacha zamani. Kila mtu alimwita Kushoto, kwa sababu ya mguu wake. Baba yake alimsajili kama mchezaji yeyote, beki wa kushoto, jezi namba tatu.

Jamani, mwaka ule. Klabu haikuwa na dobi, basi Mama Kocha ndiye aliyefua. Jezi kumi na nane kwenye kamba moja, zikipepea kama watu wanaokimbia papo hapo. Jioni baba na mwana walikaa kwenye ngazi ya mlango, wakichora kwa kijiti kwenye vumbi, huyu aende hapa, yule abaki kule, na yeye akipita na ndoo walimwambia, "Zunguka huku, mama, hapo ni golini!" Alizunguka. Hakuelewa walichosema hata robo, na hawakumweleza. Alimshukuru Mungu kila asubuhi kwa watu wawili wanaomzuia njia.

Jumapili ya mwisho ya ligi ilikuwa mechi ya kupanda daraja. Wakishinda wamepanda, na Kocha katika maisha yake yote hakuwahi kupandisha timu. Jumamosi jioni namba tatu ilionekana imebanduka, ncha moja inaning'inia. Mama Kocha akaichukua jezi nyumbani, akaishona namba kwa uzi mweupe, mshono mdogo mdogo, na Jumapili asubuhi akaipiga pasi. Kocha alikuwa amekwishapanga jezi nyingine zote, kaacha pengo la ile moja, kaitwa kwenye kikao na marefa. Chumba kilikuwa kitupu. Mama Kocha aliingia haraka, maana pasi aliiacha mezani na hakukumbuka kama ameizima. Akaweka jezi kwenye pengo. Akaiweka kama anavyoweka shati la mtu yeyote aliye hai, kama alivyofundishwa na mama yake, kifua juu, kola imenyooka, mikono nyuma. Akairudia pasi yake.

Kushoto alikuwa na desturi ya kufika wa kwanza.

Mechi ilipigwa, na beki wa kushoto hakuonekana. Walifungwa bao moja, kwa mpira uliopita upande huohuo wa kushoto uliochezwa na mtu asiyeuzoea. Mwenyekiti alimfukuza Kocha palepale kwenye mstari, watu wakisikia, na kutoka kwenye jukwaa la mbao kuna waliopiga kelele kwamba mtoto wa kocha kauza mechi.

Kocha aliingia nyumbani na viatu vyake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akakaa.

"Mwanao kanikimbia," alisema. "Jezi yake nimeikuta kwenye gunia. Kaitia mwenyewe, kwa mkono wake, akaenda zake. Begi lake halipo."

"Jezi ipi?" Mama Kocha aliuliza, na alipokuwa akiuliza, tayari mikono yake yenyewe ilimjibu. Aliiona ikinyoosha kola.

Neno lilifika mdomoni. Mungu ni shahidi kwamba lilifika. Lakini mumewe alikuwa ameshika kichwa, mgongo wake unapanda na kushuka, na yeye akaogopa. Badala ya neno, akaenda kuleta maji.

Alijipa mpaka kesho. Kesho akajipa mpaka mambo yatulie. Siku ya tatu Kocha alimpata Kushoto kwa simu, kwa mjomba wake alikokimbilia, na Mama Kocha alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka.

"Umenivua nguo mbele za watu," Kocha alisema.

Sauti ya kijana ilitoka kwenye simu, nyembamba lakini kila neno linasikika. "Nani kamvua mwenzake, baba?"

Na simu ikakatika. Kila mmoja aliona mwenzake amekiri. Hawakuzungumza tena kwa miaka tisa.

Kushoto hakugusa mpira tena. Alijifunza kuchomelea vyuma, akawa fundi, akaoa. Kocha alifundisha timu mbili nyingine, ndogo kuliko zote zilizotangulia. Na kila Jumapili simu ya Mama Kocha ililia mara mbili. Kwanza Kushoto, baada ya sala: "Shikamoo mama, umeamkaje, baba anasemaje?" "Yupo salama tu." Halafu Kocha, baada ya mechi: tumefungwa, tumetoka sare, refa alikuwa na lake, "Na huyo mwanao?" "Yupo salama tu." Zamani hayo yote baba na mwana waliyazungumza wao kwa wao, mpira, mpira, mpira, na yeye akipita na ndoo. Sasa kila mmoja alikuwa na mtu mmoja pekee wa kumwambia. Walimweleza mpaka yasiyoelezeka. Walimsubiri amalize kucheka ndipo waendelee.

Alisali sana miaka ile. Aliomba Mungu awapatanishe. Alipiga magoti mpaka kitambaa cha goti kikapauka kwenye kila gauni alilonalo, na katika sala zile zote hakuna siku aliyotaja pasi wala benchi.

Kisha Kocha akarudi nyumbani, na safari hii simu haikulia siku ya tatu. Moyo ulimsimamisha kwenye mstari, katikati ya kumfokea winga. Daktari alimpima, akaandika, akamwambia asipande ngazi, asile chumvi, na asipige kelele. "Nisipige kelele?" Kocha aliuliza. "Sasa daktari si ungenizika tu." Alikaa kwenye kiti cha dirishani na fulana yake, miguu imevimba, akizitazama bawaba za mlango. Hakutengeneza hata moja. Fundi cherehani alipita uani akamsalimia, kisha akamnong'oneza Mama Kocha, "Ehe. Sasa anaishi hapa." Wala hakucheka.

Jioni moja, kabla hata taa hazijawashwa, Kocha alisema bila kugeuka, "Nikifa, mwambie asije kulishika jeneza langu. Aje akae na wengine huko, sawa. Lakini asilishike."

"Usiseme hivyo, baba Kushoto."

"Nasema ili ujue. Aliniacha na pengo uwanjani, siku moja tu ambayo nilimhitaji. Asijifanye kunibeba."

Mama Kocha aliendelea kuchambua mchele. Aliuchambua mpaka hakuna jiwe, akaendelea. Usiku huo hakuomba apatanishwe mtu na mtu. Kwa mara ya kwanza alisema mbele ya Mungu, kwa sauti, kile alichokifanya, na kile kilichomfanya anyamaze, na vyote viwili vilikuwa vidogo kuliko alivyodhani, na vibaya zaidi. Asubuhi akapiga simu. "Njoo Jumamosi, saa nne. Hapana, hajafa. Njoo."

Kushoto alifika na alama za cheche mikononi, mweusi wa jua, mabega mapana ya baba yake. Alisimama kizingitini.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu, karibu, pita."

"Shikamoo, baba."

Saa ya ukutani ilifanya kazi yake. "Marahaba," Kocha akasema, uso dirishani.

Mama Kocha akamimina chai. Vikombe vitatu vilikaa juu ya meza, na hakuna aliyenyoosha mkono. Hatimaye Kocha, akiwa bado anatazama nje, aliuliza, "Bado una huo mguu mmoja, au umepata na wa kulia?"

"Huohuo mmoja, baba. Huu mwingine wa kusimamia."

Kitu kilicheza kwenye shavu la Kocha, kikazimika. Mama Kocha aliona kwamba asipofanya sasa, hatafanya. Akavuta kapu la nguo zilizokauka, akatoa shati la mumewe, la mistari ya bluu, akalitandaza mezani kati ya vikombe.

"Mama Kushoto, hata leo nguo?" Kocha alisema. "Una mgeni."

"Tazameni mikono yangu," alisema.

Akalikunja taratibu. Mkono wa kulia nyuma, wa kushoto nyuma, pindo juu. Akanyoosha kola kwa vidole viwili. Shati likalala mbele yao, vifungo juu.

"Ile Jumapili, namba tatu nilikuwa nayo mimi," alisema. "Namba ilibanduka, nikaishona. Nikaipiga pasi. Wewe, baba Kushoto, ulikuwa kikaoni. Niliingia chumbani hamna mtu, benchi lina pengo. Nikaiweka pale. Nikaiweka hivi."

Macho ya wote wawili yalikuwa kwenye shati.

"Ilikuwa imelala chali," Kushoto alisema polepole.

"Chali. Kama ninavyokunja siku zote. Sikuwaza. Niliwaza pasi."

Kocha aliinuka. Alishika meza, kisha ukuta, akaenda chumbani, na walisikia begi likiburutwa kutoka chini ya kitanda. Alirudi na daftari lililojikunja pembe, moja kati ya mengi, maana kila kikosi alichowahi kukipanga alikiandika. Alilamba kidole, akafunua, akafunua, akaliweka mbele ya mwanawe bila kuonyesha mahali. Hapakuwa na haja. Namba tatu, Kushoto, imepigiwa mstari mara mbili. Na pembeni kwa penseli, kwa mwandiko ule mbaya: *Apande. Asiogope.*

Kushoto alisoma. Midomo yake ilicheza kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Akasoma tena.

"Ulinipanga."

"Nilianza na wewe. Hao wengine wote niliwaandika baadaye."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Jezi haiulizwi," Kushoto alisema, na kicheko kilimtoka, kikakatika katikati, akafunika uso kwa mikono yake yenye alama za moto. Kocha alisimama juu yake. Alinyoosha mkono, akausitisha hewani kama mtu asiyejua pa kuuweka, kisha akauweka kwenye shingo ya mwanawe, ukabaki pale. Mama Kocha aliwatazama, na kwa muda mdogo sana, muda wa kumeza mate, alidhani imekwisha.

Kushoto akainua uso. Hakumtazama baba yake.

"Mama. Ulijua lini?"

Angeweza kusema mwaka jana. Angeweza kusema juzi, nimeota. Siku tatu alikuwa ameomba nguvu kwa ajili ya swali hili, na si lingine.

"Jioni ile ile."

"Jioni ile?"

"Baba yako aliposema gunia, nilijua."

"Miaka tisa, mama." Sauti yake haikupanda. Ingekuwa afadhali ingepanda. "Kila Jumapili nakuuliza baba anasemaje. Yupo salama tu. Kila Jumapili."

"Watu wamemwita mtoto wangu muuza mechi," Kocha alisema, kana kwamba anajisemea. "Na mimi nikawaacha waseme." Kisha akamgeukia mkewe, na katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumtazama muda mrefu hivyo. "Kwa nini?"

"Kwanza niliogopa," alisema. Alishika ukingo wa meza. "Halafu mkawa mnanipigia mimi."

Hawakumwelewa mara moja. Aliona walipoelewa. Aliona kwa Kushoto kwanza, halafu kwa baba yake, jambo lile lile, kwenye nyusi zile zile. Nyumba ya pili cherehani ya fundi ilikimbia, ikasimama, ikakimbia tena.

Kushoto alifunga daftari, akalitia kwapani. "Baba, twende tukapate hewa. Taratibu tu. Utanishika." Akaenda kusimama nje ya mlango, ameipa nyumba mgongo, akingoja.

Kocha alitafuta viatu kwa miguu yake iliyovimba, akavivaa bila kufunga kamba. Alikuwa na fulana tu. Akalichukua shati pale mezani, lililolala chali kati ya vikombe vya chai iliyopoa, akalikung'uta, mikunjo yake yote ikafumuka, akalivaa. Kifungo cha kwanza akakitia kwenye tundu la pili, na vingine vyote vikafuata upande. Mama Kocha aliona. Alinyoosha mkono amrekebishie, kama alivyomrekebishia kila alipoondoka, timu kumi na nne, mlango huohuo.

Kocha aliutazama ule mkono. Kisha akaupita, na shati lake limekaa upande, akatoka.